Nyumba ya Wengi, Mita Moja: Kugawana Gharama kwa Haki ili Kutunza Umeme, Maji na Mazingira

Somo hili linawahusu watumiaji wanaoishi katika nyumba zenye kaya zaidi ya moja, hususan nyumba za vyumba vya kupanga ambamo kaya tano au sita hutumia mita moja ya LUKU, bomba moja la maji, ua mmoja na choo kimoja. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa:

(a) kueleza kwa nini nyumba za namna hiyo hupoteza umeme na maji;
(b) kukokotoa mgawanyo wa gharama ulio wa haki, na
(c) kuwaongoza wenzake kufikia makubaliano ya kupunguza upotevu na uchafu.

1. Chanzo cha upotevu

Watumiaji huhimizwa kila siku kuzima taa na kufunga bomba. Ushauri huo ni sahihi, lakini katika nyumba ya pamoja hautoshi. Aghalabu gharama ya umeme hugawanywa kwa idadi ya vyumba, na kila mpangaji huchanga sawa na mwenzake. Utaratibu huo ni mwepesi, ila una kasoro kubwa: humnyima mwenye kubana matumizi faida ya juhudi zake, na humpunguzia mfujaji gharama ya ufujaji wake.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye kaya 5, kila moja ikitumia uniti 40 kwa mwezi. Jumla ni uniti 200. Kwa bei ya kundi la T1 iliyowekwa na EWURA mwaka 2016, yaani Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, nyumba hiyo italipa Sh 58,400, na kila kaya itachanga Sh 11,680. Sasa kaya moja ijitahidi na kupunguza uniti 10. Nyumba imeokoa Sh 2,920, lakini kaya iliyojinyima itanufaika kwa Sh 584 tu. Sh 2,336 zilizobaki ni nafuu ya majirani. Vivyo hivyo, anayeongeza uniti 10 atalipa Sh 584, na wenzake watamlipia zilizobaki. Katika hali hiyo si ajabu watu kuacha kujali.

Kuna hasara ya pili. Mteja wa majumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi anastahili kundi la D1, ambalo bei yake katika agizo hilo ilikuwa Sh 100 kwa uniti. Kila kaya katika mfano wetu ingekuwa na mita yake, ingelipa Sh 4,000 badala ya Sh 11,680. Lakini mita huhesabu nyumba, haihesabu kaya. Hivyo watu watano wenye matumizi madogo hulipishwa kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Kwa kuwa bei hubadilika kwa maagizo ya EWURA, msomaji ahakiki bei inayotumika siku anapofanya hesabu yake.

2. Pima kwanza, kisha gawana

Tunashauri hatua zifuatazo, kwa mpangilio huu:

Kwanza, wapangaji pamoja na mwenye nyumba waulizie katika ofisi ya TANESCO ya eneo lao uwezekano wa kila kaya kufungiwa mita yake. Hii ndiyo njia pekee inayoweza kuirudisha kaya ndogo katika kundi la bei nafuu.

Pili, endapo hilo haliwezekani, kila chumba kifungwe mita ndogo baada ya mita kuu. Mita ndogo haibadilishi kundi la bei, ila humpa kila mmoja haki yake: aliyepunguza uniti 10 atabaki na Sh 2,920 zote. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mita hizo zisigeuzwe kuwa njia ya kumuuzia mpangaji umeme kwa faida.

Tatu, mita zote zisomwe siku moja kila wiki, mbele ya angalau watu wawili, na namba ziandikwe katika daftari. Jumla ya mita ndogo itolewe katika matumizi ya mita kuu. Kinachobaki ni matumizi ya pamoja, kama vile taa za korido na pampu, nacho kigawanywe sawasawa. Kinachobaki kikiwa kikubwa kupita kiasi, fundi aitwe mara moja: huenda kuna waya unaovujisha umeme au maunganisho yasiyojulikana.

Ikumbukwe pia kwamba kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni wajibu wa mmiliki. Mpangaji aliyekatwa aiandike katika daftari hilohilo ili aidai au ifidiwe katika kodi ya pango.

3. Umeme unakokwenda

Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 6 kila usiku hutumia takriban uniti 11 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo, nayo haifikishi uniti 2. Kwa hiyo taa za korido, choo na ua, ambazo hazina mwenyewe na mara nyingi huwaka hadi asubuhi, ndizo za kubadilishwa kwanza. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti 1 kwa kila saa inayopata moto. Ni vema kupiga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Friji ijaribiwe kwa kubana karatasi mlangoni: karatasi ikichomoka bila kukaza, mpira umechakaa na mashine inafanya kazi bila kupumzika.

4. Maji

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Mwishoni mwa mwaka 2021, mvua zilipochelewa na maji ya mto huo kupungua, jiji liliingia katika mgawo. Tone linalopotea uani ni sehemu ya maji hayohayo. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima. Bandu bandu huisha gogo.

Ili kubaini uvujaji, fungeni mabomba yote usiku, someni mita ya maji, kisha mwisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanavuja. Anzeni na tangi la choo: tieni rangi ya chakula ndani yake, msubiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana katika sinki la choo, vali yake haifungi.

Ugumu hutokea kwa sababu mwenye nyumba asiyelipa ankara hana haraka ya kutengeneza. Tunashauri makubaliano ya maandishi kwamba matengenezo madogo yafanywe na wapangaji mara moja, stakabadhi zitunzwe, na gharama ikatwe katika kodi ya pango ya mwezi unaofuata.

Maji ya mvua nayo yasiachwe. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,000. Hata robo ikipotea, zilizobaki zinatosha kufua na kusafisha choo kwa siku kadhaa. Maji ya mwanzo yanayosafisha paa yamwagwe, na tangi lifunikwe ili mbu wasizaliane. Maji hayo yasinywewe bila kutibiwa.

5. Jiko na taka

Wapangaji wengi hupikia mkaa kwa kuhofia lawama za mita ya pamoja. Penye mita ndogo hofu hiyo huondoka. Jiko la presha la umeme hujizima lenyewe presha inapotosha, hivyo sufuria ya maharage kwa kawaida haifikishi uniti 1. Anayeendelea kutumia mkaa asiuwashe wala kulala nao chumbani, kwani hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kuhusu taka, ua uwe na vyombo vitatu: cha mabaki ya vyakula na maganda, cha chupa na vyuma vinavyouzika, na cha taka zilizobaki. Mabaki yanaweza kulishwa kuku au kuozeshwa kuwa mboji. Fedha za chupa ziingie katika mfuko wa nyumba. Plastiki isichomwe uani. Moshi wake una sumu, na huanza kuwadhuru watoto wa nyumba hiyohiyo.

6. Makubaliano ya nyumba

Makubaliano yawe mafupi, yaandikwe, yasainiwe na kila kaya na mwenye nyumba, kisha yabandikwe koridoni. Yataje:

- siku ya kusoma mita na watu wanaosoma;
- namna ya kugawana matumizi ya pamoja;
- anayeshughulikia matengenezo na muda wake;
- zamu za usafi na za kutoa taka;
- namna mpangaji mpya atakavyoelezwa, na anayeondoka atakavyokamilisha deni lake.

7. Penye malalamiko

Lalamiko kuhusu mita, ankara au huduma lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na nakala ibaki kwako. Usiporidhika, liwasilishe EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) litakuelekeza. Mgogoro wa wapangaji wenyewe, au wao na mwenye nyumba, uanzie kwa uongozi wa mtaa. Daftari la mita litakuwa ushahidi wako.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yenu, anayebana matumizi anabaki na kiasi gani cha alichookoa?
2. Someni mita ya umeme leo na baada ya siku 7. Je, kila kaya inaweza kueleza sehemu yake?
3. Ni matengenezo gani yamesubiri zaidi ya mwezi mmoja, na nani anayelipia kusubiri huko?