Bustani Kando ya Banda la Kuku: Jinsi ya Kuitunza na Kuipogoa

Leo nataka tujifunze jambo ambalo wengi wetu tunaliona uani kila siku bila ya kulitia maanani, nalo ni utunzaji wa matuta yaliyozunguka banda la kuku. Najua wako watakaosema, "Ah! Hayo ni mambo ya bara, sisi watu wa kisiwani tuna shamba gani?" Lakini hapa Liwatoni nyua zetu, ijapokuwa ni ndogo, hazikosi kuku wawili watatu, mrehani, mkilifi (huu ndio mwarubaini), na pengine mpapai ulioota wenyewe. Swali ni je, vitu hivi vinasaidiana au vinaudhiana? Maoni yangu ni kwamba mwamuzi ni kisu. Anayejua kupogoa hupata kivuli, mboga na mayai. Asiyejua hupata joto, harufu na ugomvi na majirani.

1. Udongo wetu

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Ukichimba kidogo tu, jembe linalia juu ya jiwe. Udongo wenyewe ni haba na una chokaa nyingi. Kwa hivyo, kwanza, tuta liinuliwe shibiri moja au zaidi na likingwe kwa mawe, ili mizizi ipate nafasi na maji ya mvua yasituame. Pili, usimwage jivu la meko kwenye tuta ukidhani ni mbolea. Mahali pengine jivu husaidia, lakini kwetu huzidisha yale yale yaliyokwisha kuzidi: mmea hushindwa kunyonya madini ya chuma, majani machanga yakawa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Maganda ya chaza yaliyopondwa nayo yana mahali pake, ndani ya banda, ili kuku watage mayai yenye ganda gumu. Tuta halina haja nayo.

2. Samadi

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe. Ndiyo maana ni dawa, na ndiyo maana ni sumu pia. Ukikitia kikiwa kibichi, mchicha utaungua kana kwamba umemwagiwa maji moto. Isitoshe, kinaweza kuwa na vijidudu vya kumwumiza mtu tumbo.

Njia nzuri ni hii. Chukua sehemu moja ya kinyesi na sehemu mbili au tatu za vitu vikavu: majani makavu, unga wa mbao, au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Lundika mahali penye kivuli, nyunyiza maji kidogo, kisha geuza kila wiki. Lundo litapata joto, halafu litapoa. Ngoja miezi mitatu au minne. Likiwa jeusi, limepoa na linanuka kama udongo baada ya mvua, basi limeiva. Hata hivyo, mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa, na mikono pia.

3. Kupogoa: orofa tatu

Kupogoa si kufyeka. Kufyeka ni kukata ovyo, lakini kupogoa ni kukata kwa sababu. Mimi hulifikiria eneo la banda kama nyumba ya orofa tatu.

(a) Orofa ya juu ni ya kivuli. Kuku hatoki jasho. Joto likizidi hufungua mdomo, akahema na kutandaza mbawa, na akikosa nafuu hufa. Basi mkilifi uachwe utande juu ya banda, ila matawi yasiguse paa. Tawi linaloegemea paa ni ngazi ya panya. Acha nafasi ya dhiraa mbili hivi. Tawi zito likatwe kwa hatua tatu: kwanza kata kidogo kutoka chini, kisha kata kutoka juu mbele kidogo ya hapo, halafu umalizie kisiki kilichobaki karibu na shina, bila ya kujeruhi ile pete iliyovimba pale tawi linapoanzia. Ukikata kutoka juu peke yake, tawi litaanguka na gome la shina zima.

(b) Orofa ya kati ni ya upepo. Sehemu iliyo usawa wa wavu wa banda iwe wazi. Matawi yote yanayoning'inia hapo yaondolewe, hata kama yanapendeza.

(c) Orofa ya chini ni ya maficho. Hapa adui ni kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakaenea pwani nzima. Wamekuwa balaa hata Januari 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Kifaranga aliye peupe ni chakula chao. Basi panda mchaichai na mrehani kwa vichaka vifupi, hatua moja kutoka ukuta wa banda, ili vifaranga wapate pa kukimbilia. Mrehani ukatwe ncha juu ya jozi ya majani kabla haujachanua, kwani kila ncha ikikatwa hutoa mbili. Mchicha nao ukatwe ukiacha vifundo viwili au vitatu, utachipua tena.

Matuta ya mboga yazungushiwe wavu, kwa maana kuku hana adabu mbele ya udongo uliotifuliwa. Nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa sana. Waachie pia pembe moja ya mchanga mkavu wa kuogea. Mbarika usiuache hata mmoja, maana mbegu zake ni sumu.

4. Majira

Usipogoe mkilifi sana Januari hadi katikati ya Machi, wakati wa kaskazi, maana hapo ndipo jua linapochoma. Ngoja mwisho wa Machi, kabla ya mvua za mwaka. Mti utachipua upesi kwa mvua, na pepo za kusi zitakuta matawi yamepungua, zisiyavunje juu ya banda. Wakati wa vuli, punguza kidogo tu.

5. Faida yake kwetu

Haya si ya kusoma tu. Nyanya yangu (namaanisha mamake mama, si ile ya mchuzi) ana kuku kumi na mmoja, na mayai yao ndiyo madaftari yangu na nauli. Mwaka jana jirani alishtaki harufu kwa mwenye nyumba, nasi tukapewa mwezi mmoja: ama harufu iondoke, ama kuku waondoke. Tulipochunguza tuliona kwamba mkilifi ulikuwa umeshuka mpaka wavuni, upepo haupiti, sakafu haikauki. Nyanya aliupenda mti ule, aliupanda yeye. Alisimama kimya kitambo, kisha akasema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kata, mjukuu wangu." Tulikata orofa ya kati yote, tukaziba uvujaji wa paa, tukahamisha kinyesi kwenye lundo. Siku ya tatu sakafu ilikuwa kavu, na palipokauka harufu hukosa pa kukaa. Mwezi ulipokwisha mwenye nyumba alikuja, akanusa, akaenda zake bila ya neno. Kuku wangalipo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti iliyopo baina ya kupogoa na kufyeka.
2. Kwa nini jivu halifai kwenye matuta ya kisiwa chetu?
3. Ukirudi nyumbani leo, tazama uani kwenu. Ni orofa gani inayohitaji kisu?