Je, udongo unamaliza sumu ya wadudu?



Mara nyingi hapa dispanseri nasikia neno hili: «Sumu ya zamani uizike tu, udongo utaimaliza.» Neno hilo lina ukweli kidogo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Nasema juu ya sumu zenye klorini: DDT, na lindane iliyopuliziwa mashamba na hata kupakwa watu wenye chawa au upele. Molekuli moja ya lindane imebeba atomi 6 za klorini. Ndiyo sababu haiozi upesi. Haipendi maji, inapenda mafuta: ya samaki, ya ng'ombe, ya maziwa ya mama. Ruzizi yetu inatoka hapa Bukavu, inapita kwenye tambarare ya pamba, inaingia Tanganyika. Miaka ya 1970 wachunguzi walikuta mabaki ya sumu za namna hii ndani ya samaki wa ziwa lile.

Sasa ule ukweli kidogo. Huko Japani, India na Ufaransa, katika udongo uliopata lindane, wataalamu walikuta mikrobi waitwao Sphingobium wanaoila. Nguvu yao iko katika jeni, yaani maagizo ya kurithi yanayoiambia seli itengeneze nini. Jeni linA hutengeneza kimeng'enya kinachong'oa klorini pamoja na hidrojeni. Jeni linB hutengeneza kingine, kinachotoa klorini na kuweka kipande cha maji mahali pake. Ni kama fundi anayefungua mashine boliti moja moja. Kinachobaki kinakuwa chakula. Tena mikrobi hupeana jeni hizo, kama wachimbaji wanavyoazimana nyundo, ila hapa mtoaji anabaki na yake.

Lakini pamoja na lindane, poda isiyosafishwa ina ndugu yake, beta-HCH, ambaye ni mgumu sana kuvunjwa. DDT nayo mara nyingi hugeuka DDE tu, inayodumu vilevile. Na mikrobi wenye jeni hizo hawako kila mahali. Huko Vikuge, karibu na Kibaha, Tanzania, mwaka 1986 ilifika shehena ya dawa za wadudu, msaada kutoka Ugiriki, nyingine zimekwisha muda. Banda lao likaanguka. Miaka mingi baadaye DDT na HCH zilikuwa bado katika udongo ule.

Basi ukikuta pipa la zamani, usilizike, usilichome, usilimwage ziwani. Mwite mkubwa wa usalama. Bidoni ya sumu haifai kwa maji wala kasiksi, hata ukiiosha mara kumi: plastiki imekwisha kuinywa.

Poda ikikumwagikia, vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi, uje dispanseri na karatasi ya jina la dawa. Aliyeimeza asipewe maziwa wala mafuta, ingawa wazee wengi wanayasifu: mafuta ndiyo yanayoipeleka sumu hii upesi mwilini. Mleteni mara moja, hata usiku.