Daktari, rubani na fundi jeshini: kabla hujavaa gwanda

Tangazo la ajira la JWTZ likitoka, vijana wa Mwanza hukimbilia kipengele cha umri. Katika matangazo ya karibuni mwisho ni miaka 24 kwa kidato cha nne na cha sita, 26 kwa stashahada, 27 kwa shahada; daktari bingwa anaruhusiwa hadi 35. Jeshi limelegeza kamba kwa bingwa, nadhani kwa sababu ni adimu.

Kumpata mtaalamu ni kazi moja, kukaa naye ni nyingine, hasa huku ziwani. Daktari wa jeshi anaitazama Bugando, hospitali ya rufaa yenye chuo chake cha tiba. Rubani anaziona ndege za Auric Air zikiruka kila siku. Fundi mitambo anasikia habari za migodi ya Geita, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea foleni ya kivuko njiani kuelekea huko.

Wanaobaki wana sababu nzito: mshahara usioyumba, matibabu, kusomeshwa, pensheni, heshima ya cheo. Ila nionavyo mimi, mtaalamu hachoshwi na amri wala gwaride. Huchoshwa akipangiwa mezani wakati mikono yake inataka chumba cha upasuaji au injini, au akihamishwa mkoa mwingine mwenzi wake akiwa na kazi Nyamagana, jijini Mwanza.

Basi ujue mlango wa kutokea kabla hujaingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwahusu askari wa JWTZ, JKT, Polisi wala Magereza. Notisi ya mwezi mmoja uliyoizoea kwenye kampuni binafsi huku haipo, na mgogoro wako hauendi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mwanajeshi huomba kuachishwa, akasubiri kibali. Akiondoka kimyakimya ni mtoro, na utoro ni kosa la kijeshi. Uliza mapema: nikisomeshwa, nitadaiwa miaka mingapi ya utumishi? Nikitoka kabla ya kustaafu, mafao yangu yatakuwaje?

Ukishaingia, usiache usajili wako wa kiraia ufe. Daktari ahuishe leseni yake Baraza la Madaktari Tanganyika, mhandisi Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), rubani Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), baharia Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), hata kama ada itatoka mfukoni mwake. Ukapteni wa jeshini haumruhusu mtu kuongoza meli ya abiria kwenda Bukoba.