Patografu: Karatasi Inayowaunganisha Mkunga na Daktari

Katika zahanati za vijijini mkoani Katavi, mjamzito aliyeshikwa na uchungu hupokewa na muuguzi mkunga. Uzazi ukikwama, safari ya kumfikisha penye upasuaji na damu, pengine Mpanda mjini, huweza kuwa ndefu, hasa kwa wakaao mwambao wa Ziwa Tanganyika wakati wa mvua. Mkunga, tabibu, daktari na mtaalamu wa usingizi hawapati nafasi ya kuketi pamoja na kujadiliana. Kinachowakutanisha ni karatasi moja, yaani patografu.

Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, alionyesha kwa grafu kasi ya kufunguka kwa mlango wa kizazi. Mwaka 1972 Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, waliongeza mistari miwili. Mstari wa tahadhari hupanda sentimita moja kila saa. Mstari wa hatua uko saa nne kulia kwake. Saa hizo nne hazikuwekwa kwa kubahatisha: zilikusudiwa kumpa mama wa kituo cha pembezoni muda wa kuhamishwa. Umbali wa barabara, basi, umo ndani ya mchoro wenyewe.

Alama ya X ikiangukia kulia kwa mstari wa tahadhari, mkunga wa zahanati ana sababu ya kuandika rufaa bila kungoja idhini ya aliye juu yake kicheo. Daktari naye, kwa kuitazama tu, huona mapigo ya moyo wa mtoto, rangi ya maji ya uzazi na nguvu ya uchungu kwa saa zote zilizopita. Lakini patografu inayojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, jambo ambalo si geni wodini, haimsaidii yeyote kuamua.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya usio na mistari hiyo, unaohesabu uchungu kuwa umekolea kuanzia sentimita 5, na wenye nafasi ya kuandika kama mama ana msindikizaji.

Msindikizaji huyo ana kazi pia. Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, aulize kama karatasi ya mama imo ndani ya bahasha ya rufaa.