Valvu na Daraja D: Spika Yako Inapokea Nini?

Mwenye amplifaya ya valvu atakuambia sauti yake ina joto na imejaa. Mwenye amplifaya ya daraja D atajibu kwamba yake ni safi, besi inapiga na kukata, na haimmalizii uniti za umeme. Huenda wote wawili wanasema kweli, ila maneno kama "joto" na "usafi" hayatuelezi kinachopita kwenye waya. Tuanze chini kabisa, tupande taratibu.

Simu au redio hutoa umeme mdogo, mara nyingi usiofika volti 1, na mkondo wake hauwezi kuisukuma spika. Spika ya omu 8 inahitaji volti 2.83 ili ipate wati 1. Kazi ya amplifaya ni kuuacha umeme huo mdogo uongoze umeme mwingi unaotoka kwenye soketi. Ni kama mkono kwenye koki ya bomba: nguvu ya maji inatoka tangini, mkono unaamua tu yatoke kiasi gani. Tofauti ya valvu na daraja D iko kwenye aina ya koki.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake waya hupata moto na kuipasha kathodi hadi elektroni ziruke kutoka juu yake. Upande wa pili kuna anodi, mara nyingi yenye volti 250 au zaidi, inayozivuta elektroni hizo. Katikati umewekwa wavu mwembamba uitwao gridi. Elektroni zina chaji hasi. Gridi ikizidi kuwa hasi huzirudisha nyuma, ikipungua huzipitisha kwa wingi. Muziki unaingia kwenye gridi, na mkondo mkubwa unaufuata. Mmarekani Lee de Forest aliiweka gridi hiyo mwaka 1906, na amplifaya za valvu za leo bado zinaitegemea.

Koki hii muda wote imefunguka nusu, na hilo lina gharama. Valvu ya EL84, iliyoenea kwenye redio za miaka ya 1950, hutumia karibu wati 5 kupasha kathodi na wati 12 hivi kwenye anodi, hata wimbo ukiwa umesimama. Ikifanya kazi peke yake, hutoa wati 5 au 6 za sauti. Zinazobaki ni joto la kupasha chumba.

Amplifaya ya daraja D haina nusu. Transista zake huwashwa kabisa na kuzimwa kabisa, kwa mfano mara 400,000 kwa sekunde. Muziki umefichwa kwenye urefu wa kila kuwaka: kukiwa kimya, muda wa kuwaka na wa kuzima hulingana, wimbi likipanda, kuwaka kunarefuka, likishuka, kunafupika. Mwishoni koili na kapasita hulainisha mapigo hayo na kubakiza wastani wake, ambao ndio muziki wenyewe. Sikio la binadamu huishia karibu Hz 20,000, kwa hiyo kasi ya kuwaka na kuzima iko mbali nalo. Herufi D haimaanishi "dijitali". Ilikuwa tu herufi iliyofuata baada ya A, B na C.

Kwa nini haipati moto? Nguvu ni volti mara mkondo. Transista iliyofunguka nusu, yenye volti 12 juu yake na ampea 2 ndani yake, huchoma wati 24. Iliyozimwa ina volti lakini haina mkondo. Iliyowashwa ina mkondo lakini karibu haina volti. Zidisha kwa sifuri, unapata sifuri. Ndiyo maana kibao kidogo cha daraja D huweza kusukuma sabufa nzima.

Sasa tuje kwenye sauti. Chukua noti moja safi ya Hz 220. Ukiichora, ni wimbi lenye vilele na mabonde yanayolingana. Valvu hailingani hivyo: mkondo ukiwa mwingi inaitika zaidi, ukiwa mdogo inazubaa. Kilele kinatoka kirefu kidogo, bonde linatoka fupi kidogo. Ili kupata umbo hilo kwa kujumlisha mawimbi safi, unahitaji wimbi la pili linalosukuma juu wakati wa kilele na kusukuma juu tena wakati wa bonde. Lazima lisukume mara mbili katika kila mzunguko mmoja, yaani liwe la Hz 440. Koki iliyopinda kidogo imezaa noti ambayo mwanamuziki hakuipiga.

Noti hiyo iko oktava moja juu, umbali uleule ambao wanaume na wanawake hupishana mara nyingi wakiimba wimbo mmoja. Kwa hiyo haikwaruzi sikio, inanenepesha. Katika amplifaya ya valvu moja moja nyongeza hii inaweza kufika asilimia 1 au zaidi. Daraja D nzuri, kwa sauti ya kawaida, mara nyingi iko chini ya asilimia 0.1.

Jambo la pili husahaulika, na mara nyingi ndilo zito zaidi. Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 kila mahali. Inaweza kushuka hadi 6 kwenye sauti za kati, kisha ikapanda hadi 30 pale besi inapotikisa koni kwa urahisi zaidi. Amplifaya nayo ina ukinzani wake wa ndani, na vitu hivyo viwili hugawana volti. Tuseme ya valvu ina omu 3. Kwenye omu 6, spika inapata 6 kati ya 9, yaani asilimia 67. Kwenye omu 30, inapata 30 kati ya 33, yaani asilimia 91. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 2.7, sawa na mtu kukupandishia besi bila kukuambia. Daraja D yenye omu 0.1 hutoa tofauti ya desibeli 0.1 tu. Basi sehemu kubwa ya kile kinachoitwa "joto" ni spika kupewa besi zaidi.

La tatu ni kikomo. Spika nyingi za nyumbani hutoa karibu desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Hiyo tayari ni sauti kubwa. Lakini pigo la ngoma laweza kudai wati 10 ghafla. Valvu ya wati 5 itafika ukingoni, na kwa kawaida inalainisha kilele taratibu. Daraja D ina akiba, ila ikiishiwa, inakikata kilele kama kwa kisu na kuzaa noti kali nyingi.

Ukitaka kulinganisha nyumbani, anza na usawa wa sauti, kwani inayozidi kidogo huonekana nzuri zaidi. Cheza toni ya Hz 400, pima volti kwenye nyaya za spika, na uzilinganishe ndani ya asilimia 1, yaani chini ya desibeli 0.1. Mwombe mtu mwingine abadilishe amplifaya bila wewe kuona. Usiwashe ya valvu bila spika, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Usiunganishe nyaya hasi za amplifaya hizo mbili, kwa sababu katika daraja D nyingi waya huo si ardhi. Na usifungue ya valvu: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzima.

Kisha fanya jaribio moja. Weka rezista ya omu 3, ya wati 10 au zaidi, katikati ya daraja D na spika, ulinganishe sauti upya. Hapo utasikia ile besi ya valvu ikirudi bila kioo wala moto. Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani Bob Carver alikwenda mbali zaidi. Mbele ya waandishi wa jarida la Stereophile, aliirekebisha amplifaya yake ya transista hadi ikafanana na nyingine ya bei kubwa waliyoichagua wao, nao wakakubali kwamba hawakuweza kuzitofautisha.

Ukiipenda sauti ya valvu, ipende bila kuona haya. Ila kabla ya kulipa bei yake, jaribu rezista ya bei ya soda. Kama ulichokuwa unatamani ni besi, umekwisha kukipata. Kama bado unaikosa ile oktava ya juu, sasa unajua hasa unanunua nini.