Makapi ya Kiwanda cha Chai Yageuke Mkaa na Mbolea

Kiwanda cha chai nyeusi hula kuni nyingi mno. Mvuke wa boila ndio unaokausha majani, na magogo ya mkaratusi huingia tanuruni usiku na mchana. Papo hapo, kwenye chumba cha kuchambulia, nyuzi, vijiti na vumbi hufagiliwa na kurundikwa nje. Kikundi cha wakulima wa Kericho, Nandi, Mufindi au Rungwe kinaweza kuvigeuza mali hivi.

Kwanza, pateni kibali cha maandishi kutoka kwa meneja, na kila mzigo upimwe na kuandikwa. Msilidharau hili. Wapo walaghai wanaochanganya makapi na chai safi na kuwauzia watu. Kwa sababu ya udanganyifu kama huo, India ilitoa amri maalumu ya kudhibiti makapi ya chai mwaka 1959. Matawi yaliyopogolewa shambani msiyaguse: yakioza chini ya michai hurudisha rutuba.

Pili, chambueni. Nyuzi na vijiti vikavu ni vya mkaa. Vumbi na chochote kilicholoa kiende kwenye mboji.

Tatu, chomeni. Tobolea pipa la lita 200 matundu chini, liinue juu ya mawe matatu, washa vijiti, kisha ongeza nyuzi kidogo kidogo, maana zikijazwa kwa pupa moto hufa. Hapa utautazama moshi kuliko kitu kingine. Ukiwa mweupe na mzito, maji bado yanatoka. Ukianza kuwa mwepesi wenye rangi ya samawati, funika pipa mara moja na uzibe matundu yote kwa udongo mbichi. Ukichelewa utapata majivu. Liache hadi kesho yake lipoe kabisa; likifunguliwa likiwa na joto, mkaa huwaka upya.

Nne, twangeni na kuchekecha. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa, pikeni uji wa kilo 1 ya unga wa muhogo, mchanganye ungali na joto. Fumbata konzi moja kisha ufungue kiganja: tonge likishikamana bila kuchuruza maji, mchanganyiko uko tayari. Likimeguka, ongeza uji. Shindilia kwenye kipande cha bomba la plastiki kwa mti ulionyooka, kisha anika juani juu ya chanja kwa siku tatu hadi tano. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo turubai liwe karibu.

Tano, mboji. Vumbi la chai lina naitrojeni nyingi, basi lipangeni kwa tabaka pamoja na mabua ya mahindi na samadi, mlinyunyizie maji na kugeuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi huwa jeusi, lenye harufu ya udongo.

Majivu ya pipa na ya boila yapelekeni kwenye sukuma wiki, kwa kiasi. Msiyamwage kwenye michai, kwani chai hupenda udongo wenye asidi, pH 4.5 hadi 5.5, na majivu hupunguza asidi hiyo.

Mkishaanza kuuza, mwambieni kila mnunuzi kwamba mkaa huu, kama mkaa wowote, hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata usiku wa baridi kali.