Abiria Aliyeumia Botini Ana Haki Gani?

Boti ya matembezi ikigonga mwamba kwa uzembe wa nahodha, abiria aliyeumia anaweza kudai gharama za matibabu, kipato alichopoteza na fidia ya maumivu. Akiletewa "pesa ya dawa" pamoja na karatasi ya kutia sahihi, asiharakishe. Huenda karatasi hiyo inafunga dai lote. Aandike nambari ya boti na simu za mashahidi kabla hawajatawanyika, aripoti polisi apewe nambari ya OB, na atunze risiti. Aliyekataa kuvaa jaketi la kuokoa maisha bado ana haki, ila fidia yaweza kupunguzwa.

Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 husikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, hata bila wakili. Kwa kawaida kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Boti ikiwa ya serikali, miezi 12 tu.